Malkia haonekani mzingani: maswali yenu ya mwezi huu

Mwezi huu meseji zenu karibu zote ni za malkia wa nyuki, yule mmoja anayetaga mayai ya mzinga mzima. Kafa, kapotea, hatagi, vibarua, yaani nyuki majike wa kazi, wanataga wenyewe, ninunue nisinunue. Nimechukua tano tu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu sababu ndo iliyoulizwa na wengi, na ndo hiyo ambayo watu wanapoteza makundi mazima kwa haraka tu.

Shikamoo mama. Mi ni mfugaji wa Sikonge, Tabora, natumia mizinga ya viunzi vya juu, ile ambayo kila sega linaning'inia kwenye kijiti chake. Wiki kama tatu zilizopita nilirina asali, juzi nikafungua mzinga mmoja nikakuta hakuna yai wala buu, majana yaliyofunikwa, yaani watoto wa nyuki waliozibwa kwenye matundu, yamebaki machache sana upande mmoja, malkia nimemtafuta kiunzi kwa kiunzi sijamuona. Jirani anasema kundi limeisha nitoe masega nianze upya, mwingine ananiambia ninunue malkia. Nifanyeje kabla hawajahama?

Marahaba mwanangu. Usitoe sega hata moja na usinunue malkia, angalau sio sasa hivi. Hebu tuhesabu siku kwanza.

Tuseme malkia alikufa siku ile ile unarina, labda alibanwa kati ya masega au alidondoka kwenye majani wakati unainua kiunzi, hii inatokea sana. Vibarua wanajua ndani ya masaa machache tu, sababu malkia ana harufu yake ambayo wanaomhudumia wanaibeba na kuwagusisha wenzao mzinga mzima, ikikatika wanaanza kuhangaika na ule mlio wao unabadilika. Ndani ya siku moja mbili wanachagua mabuu wachanga, ambao hata siku tatu hawajafikisha tangu waanguliwe, wanapanua yale matundu yanakuwa marefu yanaangalia chini, alafu wanawalisha maziwa ya nyuki tupu, ule uji mweupe wanaoutoa vibarua wenyewe, mpaka mwisho. Huyo buu alikuwa awe kibarua wa kawaida, ni hicho chakula na hicho kijumba tu ndo vimemfanya awe malkia.

Malkia anakamilika kama siku ya 16 tangu yai litagwe, na nyuki wetu wa Afrika mara nyingi wanawahi kidogo. Sasa kwa kuwa hawa hawakuanza na yai, walianza na buu, malkia mpya anatoka siku ya 11 au 12 hivi baada ya mama yake kufa. Akitoka hatagi hapo hapo. Anakaa kama wiki anakomaa, anatoka kuangalia mazingira, anaenda kupandwa na madume huko angani mchana wa jua, alafu zinapita siku mbili tatu tena ndo unaona yai la kwanza. Jumla yake ni wiki tatu mpaka nne, na kama mvua inapiga mfululizo hawezi kutoka basi inazidi hapo.

Huku nyuma mayai ya mwisho ya malkia aliyekufa nayo yanakua. Kibarua anachukua siku 19 mpaka 21 kutoka yai mpaka anatoka kwenye tundu. Kwa hiyo wiki ya tatu ndo mzinga unakuwa mtupu kabisa hauna majana, na wiki hiyo hiyo ndo malkia mpya anajiandaa kuanza kazi! Umefungua katika siku mbaya kuliko zote, siku ambayo mzinga unaokufa na mzinga unaopona vinafanana kabisa kwa macho. Na hayo majana machache uliyoyakuta yamefunikwa yanakwambia kitu, kwamba kulikuwa na malkia anataga mpaka karibu na siku uliyorina.

Rudi mzingani jioni kama saa 10, jua bado lipo lakini ukali umepungua, moshi wa ubaridi sio wa moto, na usimtafute malkia. Nasema tena usimtafute. Malkia wa nyuki wetu ana mbio, na vibarua wakishtuka wanakimbilia pembeni ya sega wanashikana wananing'inia na yeye yupo katikati yao, na yule ambaye hajapandwa ni mdogo mwembamba hata mtu wa miaka mingi anampita. Unachotafuta ni kazi yake.

La kwanza angalia vijumba vya malkia vilivyoachwa. Kijumba ambacho malkia ametoka salama kimekatwa kwenye ncha ya chini, mduara safi kabisa, na mara nyingine kile kifuniko kinakuwa bado kimeshikilia upande mmoja kinafunguka na kufunga ukikigusa na kijiti. Kabla ya kutoka ile ncha inakuwa ya kahawia hivi, sababu vibarua wanakwangua nta ya juu inabaki nyembamba. Ila kijumba chenye tobo ubavuni, huyo hakutoka, aliuliwa humo ndani na ndugu yake aliyewahi. Ukikuta kimoja kimefunguka chini na vingine vimetobolewa ubavuni, mwanangu funga mzinga wako uende nyumbani, malkia unaye.

La pili angalia katikati ya masega ya majana. Kundi linalomsubiri malkia linasafisha matundu pale kati mpaka yanang'aa, asali na chavua vinabaki pembeni, kati wanapaacha wazi. Kundi lililokata tamaa linajaza asali mpaka katikati.

Kama bado hujaridhika fanya jaribio la sega, hili mi naliamini kuliko macho ya mtu yeyote. Nenda kwenye mzinga mwingine wenye nguvu, toa kiunzi kimoja chenye mayai na mabuu wadogo kabisa, wale waliolala kwenye maziwa meupe chini ya tundu na hawajajikunja duara kamili. Hakikisha malkia wa huko hajapanda juu yake, wapanguse nyuki wote kwa unyoya au majani laini, usilikung'ute na wala usililaze, sega la kiunzi halina waya wala fremu, nta ikiwa mpya na jua lipo linakatika lote. Lipachike katikati ya kundi lako alafu funga. Baada ya siku tatu au nne angalia. Wakiwa wameanza kujenga vijumba vya malkia hapo, basi kweli hawana malkia, na tayari umewapa pa kuanzia hivo huna haja ya kufanya kingine ila kuwaacha wiki nne. Wakiwa wanalilea kama majana ya kawaida tu, malkia yupo, hata kama bado hajapandwa.

Upana wa viunzi kwa nyuki wetu ni milimita 32, kama fundi wako alifuata hicho kipimo utahamisha bila shida. Kama urefu wa mizinga yako haufanani, kata kipande cha sega chenye mayai ukifunge kwa uzi chini ya kiunzi, nyuki watakishikiza wenyewe.

Kuhusu kununua. Ukimuingiza malkia wa kununua kwenye kundi ambalo lina binti wa malkia wa zamani ndani, wanamzonga kwa wingi wanamuua, na hela yako imeenda. Na ukifungua fungua mzinga kila siku kwenda kumchungulia, hasa mchana wakati yuko nje anapandwa, anarudi anakuta mlango haujulikani au nyuki wamechafuka. Nyuki wetu sio wa kubughudhiwa, wanahama kweli.

Yai linavyoonekana, maana wengi mnaniandikia hamjawahi kuliona: ni kijiti cheupe chembamba, urefu kama milimita moja na nusu, kipo chini kabisa ya tundu. Siku ya kwanza kimesimama wima, siku ya pili kimeinama, siku ya tatu kimelala. Geuka jua liwe nyuma ya bega lako liingie mpaka chini ya tundu. Tochi nyekundu ya usiku ni nzuri kwa kurina sababu nyuki hawaoni rangi nyekundu, ila mayai hutayaona kwa hiyo tochi.

Habari yako dada. Niko Mwingi, Kitui, nafuga na maboksi ya Langstroth, yale ya fremu za kutoa na kurudisha. Nimefungua nikapata vijumba kadhaa kama karanga zenye maganda zimening'inia kwenye fremu. Rafiki yangu aliniambia nivivunje vyote mara moja ndio nyuki wasigawanyike. Nimevunja viwili nikasita. Nivunje vingine?

Nzuri kaka. Afadhali ulisita, hebu weka kisu chini kwanza.

Vijumba vya malkia vinajengwa kwa sababu tatu tofauti na unaweza kuzitofautisha kwa mahali vilipo. Vikiwa vingi, vipo pembeni na chini ya fremu, vingine vimefunikwa vingine bado, basi kundi limeshiba na linataka kugawanyika. Vikiwa kimoja mpaka vitatu hivi, vya umri mmoja, vipo katikati ya sega, hapo nyuki wanambadilisha malkia aliyechoka, harufu yake imepungua au mayai yake yamepungua. Na vikiwa vimetokea tu kwenye uso wa sega katikati ya majana, mahali palipokuwa na matundu ya vibarua, hiyo ni dharura, malkia alikufa ghafla.

Sasa ukivunja vya dharura umewanyang'anya nafasi yao ya mwisho, sababu siku sita hivi baada ya malkia kufa hakuna tena buu mchanga wa kufanyia malkia mwingine. Ukivunja vya kubadilisha malkia umewalazimisha waendelee na mama mchovu, na watajenga tena, au atakufa katikati ya ukame pasipo dume hata mmoja wa kumpanda binti. Na hata vile vya kugawanyika ambavyo watu wote wanavivunja, mi naona ni hatari kuliko wanavyodhani. Malkia mzee mara nyingi anaondoka na kundi lake pale tu kijumba cha kwanza kinapofunikwa. Kwa hiyo unafungua, unakuta vijumba vimefunikwa, nyuki bado wengi unaamini malkia yupo, unavunja vyote unaenda zako, kumbe malkia aliondoka jana. Umebaki na boksi la yatima ambao hawana yai wala kijumba.

Kwa hiyo kabla ya kugusa tafuta mayai yaliyosimama wima. Ukiyaona, malkia alikuwepo jana au leo. Hapo kama vijumba ni vya kugawanyika na unalo boksi la pili, gawanya wewe mwenyewe kabla hawajagawanyika wao: mchukue malkia mzee na fremu mbili tatu za majana na moja ya asali pamoja na nyuki waliopo juu yake, uwaweke boksi jipya, na boksi la zamani liache na vijumba viwili vizuri vilivyonyooka. Watu wa Ukambani mnajua nyuki tangu zamani za mizinga ya magogo, kundi la pili bure sio kitu cha kuvunja kwa kisu.

Kama mayai hayapo, acha kila kijumba mahali pake. Usiigeuze fremu kichwa chini na usiikung'ute, malkia aliye ndani akiwa bado laini mabawa yanaharibika.

Asalaam aleikum bibi. Mie nafuga nyuki hapa Chake Chake, Pemba. Kuna mzinga naona mayai matatu manne ndani ya tundu moja, nilifurahi nikijua malkia kapata nguvu. Sasa majana yenyewe yametokea na vifuniko vilivyovimba juu na nyuki wanazidi kupungua, madume ndio tele. Ni ugonjwa?

Waaleikum salaam mjukuu wangu. Sio ugonjwa, ni vibarua wanataga. Pole sana, sababu kati ya hali zote za kukosa malkia hii ndo ngumu.

Kibarua ni jike na ana mfuko wa mayai, ila harufu ya malkia na harufu ya majana wachanga ndo vinamzuia asitage. Vyote viwili vikikosekana kwa wiki tatu hivi, mara nyingine kwa nyuki wetu inawahi zaidi, baadhi yao wanaanza. Hawajapandwa na dume, kwa hiyo yai lao linatoa dume tu. Na dume hachumi, hajengi, hanyonyeshi majana, ndo maana kundi linaisha huku linaonekana lina watu.

Kabla hujahukumu angalia mayai yalipo ndani ya tundu. Malkia mpya akianza kazi naye anaweza kuweka mawili siku za mwanzo, lakini anayaweka chini kabisa katikati, sababu mkia wake ni mrefu unafika. Kibarua mkia mfupi, haufiki, yai analiacha ubavuni mwa tundu. Ukikuta mayai yamebandikwa kwenye kuta, mengi, yametawanyika hovyo, ni vibarua. Ukikuta yai moja moja chini kabisa, yamepangana vizuri, ila yote yanatoa vifuniko vilivyovimba, hapo malkia yupo ila hakupandwa vizuri au amemaliza mbegu, huyo dawa yake ni kumtoa na kuwapa sega la mayai la kundi lingine.

Kwako dawa ni mbili. Kama nyuki bado wanajaza masega kama manne kwenda juu, chukua sega la majana ambayo hayajafunikwa pamoja na mayai kutoka mzinga mzuri uwape, wiki inayofuata lingine, na wiki ya tatu lingine. Harufu ya hao mabuu inawatuliza polepole vibarua wanaacha kutaga, na kwenye sega la pili au la tatu ndo unaona wamejenga kijumba cha malkia. Wakijenga kwenye sega la kwanza kabisa mshukuru Mungu.

Kama wamebaki wachache usipoteze majana ya watu kwa ajili yao, waunganishe na kundi lenye malkia. Jioni weka gazeti katikati ya makundi mawili, litoboe vitobo vidogo na msumari, wenyewe watalitafuna na kuchanganyika taratibu huku harufu zimezoeana. Kwa boksi la ghorofa gazeti linalala kati ya boksi na boksi, kwa mzinga wa viunzi linasimama kama ukuta. Kundi lenye malkia liwe lenye nguvu siku zote, sio kinyume.

Mtu atakwambia uwakung'ute wote mbali na mzinga, eti wale wanaotaga hawawezi kuruka kurudi. Wanarudi. Na wanaotaga ni wengi sio mmoja, huwezi kuwachagua.

Na hao nyuki wasitoke nje ya eneo lako, nalisema hili kwa uzito kabisa. Kule Afrika Kusini mwaka 1990 wafugaji waliwahamisha nyuki wa upande wa Cape, kule kusini ya nchi hiyo, kuwapeleka kaskazini kwa nyuki wa aina yetu wa nyika. Nyuki wa Cape wana tabia ya pekee, kibarua wao akitaga anatoa jike bila kupandwa na dume. Wakaingia kwenye mizinga ya wenzao, wakataga humo, vibarua waliozaliwa hawafanyi kazi nao wanataga, na makundi mengi sana yakafa. Mpaka leo wafugaji wa kule wanapambana nao.

Mama habari za kazi. Mimi ni kijana wa Moshi, nimeona mtandaoni malkia wa Ulaya wapole wanauzwa kwenye vijiboksi wanatumwa kwa ndege. Nyuki wangu ni wakali majirani wanalalamika. Naweza kuagiza wawili nikabadilisha mbegu?

Salama mwanangu. Usiagize.

Kuingiza nyuki hai nchini kunataka kibali, hicho ni kitu cha kwanza, na kipo kwa sababu magonjwa na wadudu wanasafiri humo humo kwenye kijiboksi. Cha pili ni kwamba hata akifika salama hutabaki naye. Tangu Mswisi François Huber, aliyekuwa kipofu na kazi ya macho akifanyiwa na mtumishi wake Burnens, achapishe utafiti wake mwaka 1792, inajulikana malkia hapandwi ndani ya mzinga, anapandwa nje angani, na leo tunajua ni na madume 10 mpaka 20 kwa kawaida. Huyo malkia wako wa Ulaya atakuja ameshapandwa, sawa, vibarua wake wa kwanza watakuwa wapole. Ila siku akibadilishwa, binti yake atapaa juu ya Moshi na madume atakayokutana nayo ni ya hapo Moshi. Kizazi cha pili hapo umerudi kwenye nyuki wale wale.

Yaliyotokea Brazil yanatosha. Mwaka 1956 mtaalamu wa jenetiki Warwick Kerr alipeleka kule malkia wa Afrika, kutoka Afrika Kusini na wengine hapa kwetu enzi hizo Tanganyika, akitaka nyuki wa nchi za joto wanaotoa asali vizuri. Mwaka 1957 huko Rio Claro vile vizuizi vinavyomzuia malkia kutoka mlangoni vikaondolewa na makundi 26 yakaondoka. Wakachanganyika na nyuki wa Kizungu waliokuwa huko, wakasambaa bara zima, mwaka 1990 wakafika Texas, Marekani. Nyuki wanaofaa mahali ndo wanaoshinda mahali hapo, na kwa nchi yetu ni hawa ulionao.

Upole utautafuta kwa kuchagua. Katika mizinga yako upo ambao unaweza kuufungua jioni na hawakufuati mpaka nyumbani, na kama upo huo na unatoa asali, basi mzinga mwingine ukikosa malkia sega la mayai utoe hapo, kila mara hapo hapo. Yule mkali kuliko wote mtoe malkia wake mwenyewe, ngoja siku saba nane, vunja vijumba vyote walivyojenga kwa mbegu yao, ndo uwape sega la yule mpole. Hapo tu ndo nakuruhusu kuvunja vijumba.

Alafu mizinga yako nina uhakika umeipanga mstari mmoja rangi moja. Binti akirudi kutoka kupandwa anaingia mlango wa jirani na wanamuua hapo hapo. Paka milango rangi tofauti, bluu, njano, nyeupe, nyekundu haitakusaidia, na igeuze isiangalie upande mmoja yote. Keremkerem wanatosha kutupunguzia malkia njiani, tusiongeze na sisi.

Shikamoo. Sisi huku Uvinza, Kigoma tunafuga kwenye magogo juu ya miti. Haya mambo ya kuangalia mayai kwetu hayapo, hatuwezi kutoa sega tukarudisha. Tutajuaje malkia kafa?

Marahaba baba, swali lako ni la haki kabisa, maana mizinga mingi sana ya nchi hii ni ya magogo na ushauri mwingi unaandikwa kama vile haipo.

Kaa chini ya mti asubuhi saa 2 au saa 3, kipindi cha maua, uangalie mlango. Nyuki wanaoingia na chavua miguuni, mafungu ya njano au machungwa, wanalisha mabuu, na penye mabuu malkia yupo. Mzinga ambao majirani zake wote wanaingiza chavua na wenyewe hauingizi, nyuki wanazurura tu mlangoni na madume ni mengi, utilie shaka. Jioni weka sikio kwenye gogo, gonga mara moja kwa kidole. Wenye malkia wanavuma kwa pamoja kidogo wananyamaza. Wasio na malkia wanaendelea na mlio mrefu wa kuhuzunika haukatiki. Na usichanganye na kuhama, kundi lililohama linaacha gogo tupu halina nyuki wala asali, lisilo na malkia linabaki humo linapungua mpaka nondo wa nta, wale wadudu wanaokula masega, wanaingia.

Ila kwenu malkia wengi hawafi wenyewe baba, wanauliwa siku ya kurina. Majana yanakaa upande wa mlango, asali inakaa nyuma. Mrinaji anayefungua nyuma akakata mpaka mbele, na mwenge wa moto mkononi, amemkata malkia pamoja na mayai yake na mabuu yake yote, yaani hata cha kutengenezea mwingine hakuna. Fungueni nyuma, tumieni moshi wa majani mabichi au kinyesi kikavu cha ng'ombe ndani ya bomba badala ya mwenge, kateni sega moja moja, na mkifika kwenye sega la kwanza lenye chavua au majana simameni hapo hapo mfunge. Masega mawili matatu ya asali yaliyo karibu na majana yabaki, hicho ndo chakula chao mpaka maua ya miombo yarudi.

Kwa gogo ambalo tayari limekosa malkia, na lina nyuki bado, kateni kipande cha sega lenye mayai, ukubwa wa kiganja, kutoka gogo lenye malkia lililo jirani siku hiyo hiyo, mkishikize kwa vijiti viwili vilivyokatizwa karibu na nyuki walipojikusanya, matundu yaangalie pembeni kama yalivyokuwa mwanzo yasiangalie chini. Msikipitishe juani na msikiache mpaka kesho, buu akipoa au akikauka hawamlei. Baada ya wiki nne rudini asubuhi mkaangalie chavua mlangoni.